Mayai Niliyoyafunga Mkanda

Jumapili, Machi 1996. Kaloleni, Voi.

Leo jua halina huruma kabisa. Wanasema mvua iko njiani, lakini sisi huku chini tumeona vumbi tu, jekundu, mpaka ndani ya chai. Nimetoka kanisani kabla ya matangazo, jambo ambalo sijawahi kufanya. Mama Wakesho akaniuliza kama naumwa, nikamwambia siumwi.

Siumwi, daftari. Nimeshtuka.

Nimeshtuka tangu Alhamisi, na kila nikidhani basi, yamekwisha, linakuja lingine kubwa kuliko lile. Nina miaka hamsini na mbili. Nilidhani vya kunishtua mimi vimeisha duniani.

Wacha nianze mwanzo, maana nikianza katikati nitaanza kujitetea.

Mimi ni dereva wa ambulensi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, hospitali ni ileile na barabara ni ileile: Voi, Mwatate, Wundanyi, na vijiji vya juu huko ambako lami inaisha. Kazi yangu ni kuwateremsha wagonjwa kutoka milimani. Na kama kuna kitu nilikuwa najivunia, ni mwendo. Wundanyi mpaka geti la hospitali, dakika thelathini na nane! Hakuna dereva mwingine Taita nzima anayeweza. Kona zile za kuteremka Mwatate nazijua hata usingizini. Vijana wa stendi wakiniona napita wananipigia miluzi, na mimi najifanya sisikii, lakini nasikia vizuri sana.

Alhamisi asubuhi Matron akaniita ofisini. Nilidhani ni habari ya Wakesho. Wakesho ni binti yangu, anafundisha shule ya msingi kule Wundanyi, na ana mimba yake ya kwanza. Presha imempanda, kwa hiyo daktari amesema Jumatano hii aletwe Voi, akae karibu na hospitali mpaka ajifungue. Safari hiyo nilikuwa nimeshaiandika kwenye ubao wa magari kwa mkono wangu, herufi kubwa: MWADIME. Mjukuu wangu wa kwanza, nani mwingine amlete?

Kumbe Matron hakuwa na habari ya Wakesho.

"Mzee Mwadime," akasema, "unamkumbuka yule mama wa Werugha aliyekataa kupanda gari?"

Nitamsahau vipi? Mwezi uliopita niliitwa kule juu, nikapanda mbio mpaka mlangoni kwake. Mama ameketi kizingitini, ameshika tumbo, uchungu umemkaza. Akaliangalia gari, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa. Nesi akambembeleza, mume akambembeleza, wapi. Nilikasirika mimi! Nimechoma mafuta bure, nimeacha chakula mezani. Tukarudi bila mtu, na njia nzima nilikuwa namwambia nesi kwamba watu wa kule bado wanaogopa hospitali.

Sikujua kilichofuata. Matron akanieleza polepole, kama mtu anayemsomea mtoto barua. Mimi nilipoondoka tu, mume akasimamisha pickup ya kabichi iliyokuwa inateremka sokoni. Wakampandisha mkewe juu ya magunia. Akajifungulia hapo hapo kabla ya kufika Mwatate, mikononi mwa wanawake wawili wauza mboga. Mtoto yuko hai, tunamshukuru Mungu. Lakini mama alivuja damu vibaya, na alipofika hospitali alikuwa mweupe kama unga. Wiki hii amekuja kliniki, na Matron akamuuliza: mama, ambulensi ilifika mpaka mlangoni kwako, ulikataa nini?

Akajibu, "Afadhali kabichi."

Nikacheka. Nisamehe daftari, lakini nilicheka. Matron hakucheka.

Akanisukumia barua. Imeandikwa kwamba nikafunzwe upya habari ya mwendo, nichague mwenyewe mahali, nijilipie mwenyewe, na karatasi ya kumaliza iwe mezani kwake Jumatatu. Nisipoleta, funguo zinakwenda kwa Kilonzo na mimi nakwenda kufungua geti. Kilonzo! Kijana wa juzi, anaendesha kama amebeba uji moto mapajani. Nilizoea kumcheka pale kwenye karakana.

Geti sikuliogopa sana. Niliogopa Jumatano. Kwamba Kilonzo ndiye atapanda Wundanyi kumchukua binti yangu, na mimi nisimame getini kama mlinzi, niwafungulie wapite.

Nilitoka pale masikio yanawaka. Mimi nifunzwe mwendo? Na nani? Miaka kumi na tisa sijaua mtu wala mbuzi!

Nikaanza kuulizia. Nikaambiwa kuna kozi kubwa Mombasa, ya madereva wa makampuni, mnaketi kwenye ukumbi siku tano mkioneshwa picha ukutani. Hiyo haikuwezekana, Jumatatu ilikuwa karibu. Kuna Mzee Athumani wa hapa hapa Kaloleni, nyuma ya msikiti, aliyewafundisha nusu ya madereva wa malori wa mji huu. Kwake ni siku mbili na habishani na mtu. Halafu kuna ofisi moja mjini, juu ya duka la vyuma, ambayo Kilonzo mwenyewe ndiye aliniambia kwa sauti ya chini: unalipa, unataja jina, unapewa karatasi yenye mhuri kabla chai yako haijapoa. Hakuna cha kuketi wala kuendesha. Na ajabu ni kwamba hiyo ya kutofunzwa ndiyo iliyokuwa ghali kuliko ya kufunzwa.

Nikachagua hiyo. Sikufikiri mara mbili. Nikachukua pesa tulizoweka za nguo za mjukuu, nikajiambia nitazirudisha.

Ijumaa asubuhi nikapanda zile ngazi. Nikakuta msichana mmoja tu nyuma ya meza, anaitwa Mshai, sauti ya milimani kabisa, mtu wa kwetu. Nikaweka pesa mezani. Akaivuta fomu.

"Jina?"

Nikamwambia.

"Kazi?"

"Dereva. Wa ambulensi."

Kalamu ikasimama. Akaniangalia, akaniangalia tena, halafu akaziba mdomo kwa mkono na kuanza kucheka.

"Woi! Kumbe ndiye wewe! Mzee wa mayai!"

"Mayai gani?"

"Si yale ya kuwekwa mbele!"

Hapa lazima nieleze. Tangu miaka mingi, nikifika nyumba ya mgonjwa huko juu, watu huniletea mayai. Kikapu kidogo, nyasi kavu ndani, mayai kumi au kumi na mawili. Wanakiweka wenyewe kwenye kiti cha mbele, kando yangu, na mwenye nyumba anainama dirishani: "Dereva, kuna mayai hapo, tafadhali." Mimi najibu asanteni, Mungu awabariki. Nilijua ni shukrani. Nilijua wananishukuru kwa kufika haraka. Na mtu akishukuriwa kazi yake si anaongeza bidii? Mimi niliongeza mwendo.

Mshai alikuwa bado anapangusa macho. Akanieleza bila hata kuona kwamba mimi sicheki. "Kwetu Mgange, mtu akizidiwa, mmoja anakimbia kupiga simu hospitali, mwingine anatumwa mayai. Kama hatuna tunaomba kwa jirani. Nyanya yangu ndiye alikuwa anasema, dereva akiwa na mayai kando yake ataenda pole tu, atafanyaje? Sasa wewe mtu mzima, umetoka Voi kuja kutusaidia, nani atakuambia punguza? Ni aibu. Tunaweka mayai."

Halafu akaongeza, "Lakini mzee una roho wewe. Hata na mayai!"

Nilishika ukingo wa meza.

Kuna jambo sikuweza kumwambia yule msichana, lakini wewe daftari nitakuambia. Yale mayai nilikuwa nayafunga mkanda. Kila mara. Nauvuta mkanda wa abiria, naupitisha juu ya kikapu, nakaza, najaribu kwa kidole kama kikapu kinacheza. Kikishatulia ndipo nakanyaga mafuta. Miaka yote hiyo nadhani nimevunja mayai matatu, na nimewahi kujisifia mbele ya watu: mimi naenda kasi lakini mkono wangu mwepesi, hata yai halivunjiki.

Na kule nyuma mkanda wa machela ulikatika zamani sana. Wagonjwa huwa tunawafunga kwa leso zao wenyewe, zile kanga za kujifunga. Wa kuomba mkanda mpya ni dereva, kuna fomu yake kabisa. Sikuwahi kuijaza.

Mayai nimeyafunga mkanda. Watu, leso.

Mshai akachukua mhuri. Ile karatasi ilikuwa imeshachapwa zamani, imebaki jina tu, na imesema mwenye kuishika amefunzwa na akafuzu kuendesha kwa mwendo wa salama. Nikamwambia anirudishie pesa yangu.

"Na karatasi?"

"Wacha tu, mama."

Akanirudishia. Nadhani alijua amesema kitu, maana aliacha kucheka, akanisindikiza mpaka kwenye ngazi, akasema, "Baba, usinichukulie vibaya." Nikamwambia sikuchukulia vibaya. Nilikuwa nimechukulia vibaya sana, lakini si yeye.

Adhuhuri, watu walipotoka msikitini, nikaenda kwa Mzee Athumani. Ni mtu wa pwani asili, mwembamba, kanzu safi, anasema taratibu utadhani kila neno analilipia. Nikamwambia nimekuja kwa kozi ya mwendo.

"Wataka kufunzwa, bwana, au wataka karatasi?"

"Kufunzwa."

"Basi lipa kabisa, zote, nisije nikakuhurumia katikati."

Nikalipa zote. Akaziweka chini ya mto bila kuzihesabu, akaniuliza kutoka Wundanyi hadi Voi nachukua muda gani. Nikamwambia dakika thelathini na nane. Na hata wakati ule, baada ya yote niliyoyasikia asubuhi, nilisikia kifua changu kinajaa.

"Mashallah," akasema. "Ulikuwa ukifukuzwa na nani?"

Nilitaka kukasirika. Badala yake nikajikuta namweleza kitu ambacho sijamweleza hata Matron. Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja alikata roho ndani ya gari langu, Mwatate ikiwa mbele yetu. Alikuwa analia, nikamsikia analia, halafu sikumsikia tena. Tangu siku hiyo nikisikia mtu analia kule nyuma, mguu wangu unakanyaga wenyewe. Simwulizi mtu. Unakanyaga tu.

"Daktari alisema amekufa kwa kuchelewa?" Mzee Athumani akauliza.

Sikuwahi kumwuliza daktari. Miaka yote hii sikuwahi, na sasa naogopa.

Gari la mzee ni Peugeot 404 ya zamani, ile ndefu. Alikuwa ameng'oa viti vya nyuma na kutandika godoro. Akaniambia nilale chali. Mimi! Akanifunga kwa leso kiunoni, fundo moja, akaniwekea tumboni jerikeni ya lita tano, imejaa maji, haina kifuniko.

"Huyo ndiye mtoto wako. Mshike."

Tukachukua njia ya Mwatate. Daftari, mimi nimepita njia ile mara ambazo siwezi kujua idadi yake, na sikuijua. Ukilala chali unaona paa la gari tu. Kona haikuambii kwamba inakuja. Unaenda sawa, ghafla mwili unasombwa upande, kichwa kinagonga bati, na ukidhani umetulia unasombwa upande wa pili. Maji yaliniruka usoni, yakaingia puani. Kwenye matuta niliinuka mzima mzima na lile fundo likafunguka. Nikawa nimeikumbatia jerikeni kwa mikono yote miwili na sina mkono wa kujishikia mimi.

Nilitaka kusema, mzee, punguza. Haki ya Mungu nilitaka. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nikawaza, ni mtu mzima, yuko kazini, anajua anachofanya, nitaonekanaje? Nikanyamaza. Nikauma meno nikaomba Mungu tufike.

Aliposimama nilikuwa nimelowa mpaka soksi. Akafungua mlango wa nyuma, akaniuliza nadhani tulikuwa mwendo gani.

"Mia na kumi," nikasema. "Labda mia na ishirini."

"Sitini."

"Haiwezekani!"

"Kipimo changu chafanya kazi, bwana wangu. Sitini, na palipo na kona, hamsini."

Nikateremka, nikaketi kwenye mawe kando ya barabara. Mimi kona zile napita na themanini. Mvua ikinyesha, sabini. Nikatazama ndani ya jerikeni, maji yaliyobaki hayakutosha hata kikombe cha chai.

Jioni wakati wa kula nikamwuliza Mama Wakesho kama alikuwa anajua habari ya mayai. Yeye ni mzaliwa wa Wundanyi. Yeye ndiye aliyekuwa ananikaangia, kila wiki, na vitunguu. Aliweka kijiko chini.

"Nilijua," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua na hujali."

Sikumaliza chakula.

Jana Jumamosi tulibadilishana. Mimi usukani, Mzee Athumani amelala nyuma kwenye godoro na kanzu yake na kofia yake. Ana pete ya fedha. Akaniambia kila mwili wake ukiteleza atagonga bati kwa pete, mara moja tu, hatasema kitu. Ngo! Ngo! Ngo! Safari ya kwanza ilikuwa kama niko na fundi wa mabati. Nilitoka jasho, niliona aibu, nilikasirika, nikapunguza, akagonga, nikapunguza tena, akagonga. Niliudhika mpaka nikataka kumwambia ashuke, lakini nikakumbuka kwamba hakuna mgonjwa wangu hata mmoja aliyewahi kuwa na pete ya kugonga.

Tulienda Mwatate tukarudi, tukaenda tena. Mchana tukapanda mpaka Wundanyi. Wakati wa kuteremka nilianza kusikia kona kwa makalio, si kwa macho. Kuna mahali nilisubiri ngo! na haikuja. Tulitumia saa moja na dakika nane mpaka Kaloleni. Nikafungua mlango wa nyuma, mzee amefumba macho. Nilishtuka nikadhani Mungu wangu, nimemuua.

Akafumbua jicho moja. "Pale baada ya Mwatate nilipata usingizi kidogo," akasema.

Karatasi yake ameiandika kwa mkono, haina mhuri wa maana. Nimeikunja nikaiweka ndani ya Biblia. Pamoja nayo nimeandika ombi la mikanda ya machela, miwili, na kesho asubuhi vyote viwili nitaviweka kwenye meza ya Matron. Jana nililala usingizi mzuri. Niliona nimefanya la kiume. Nimekosea, nimefunzwa, nimelipa kwa pesa yangu, na Jumatano nitapanda Wundanyi na kumleta binti yangu polepole kama mfalme.

Hayo nilikuwa nayafikiri mpaka leo asubuhi katikati ya ibada, nikaona siwezi kungoja. Ndiyo sababu nikatoka kabla ya matangazo. Nikaenda kwenye simu ya sarafu pale posta, nikapiga kwa lile duka lililo chini ya nyumba ya kina Wakesho. Wakaenda kumwita. Nilimsikia anakuja, pumzi nzito, anavuta kiti.

Nikamwambia yote kwa haraka, maana simu inakula sarafu. Kwamba nilikuwa nimepelekwa kozi, kwamba nimemaliza, kwamba nina karatasi, kwamba Jumatano ajitayarishe, nakuja mwenyewe.

Akanyamaza.

Wiki iliyopita ningedhani amefurahi.

"Wakesho?"

"Baba, usikasirike," akasema. Sauti yake ilikuwa chini kabisa, kwa ajili ya watu wa dukani. "Nimeshaongea na mwenye pickup."

"Pickup gani?"

"Ya kabichi."

Niliegemea ule ukuta wa posta. Watu walikuwa wanapita na nguo zao za Jumapili, wananisalimia, nami nawapungia mkono. Nikamwuliza mwanangu, nimekukosea lini? Nikamwambia mimi ni baba yako, nimewahi kukupeleka mahali ukaumia?

Akaniuliza kama nakumbuka malaria yake ya darasa la saba. Nakumbuka. Tulikuwa bado tunaishi Wundanyi, ilimpanda kichwani, nikamteremsha mimi mwenyewe na ambulensi, mamake amekaa naye nyuma. Nakumbuka hasa kwa sababu hakulia. Njia nzima, mtoto mdogo na homa ile, hakulia hata mara moja. Nimeisimulia hadithi hiyo miaka yote. Nimeisimulia mpaka kwenye harusi yake, nimesimama mbele ya wakwe na kipaza sauti, nikasema huyu binti ni jasiri tangu utotoni.

"Nilitaka kulia, baba," Wakesho akasema. "Mama aliniziba mdomo. Aliniambia nikilia utakimbia zaidi."

Daftari, sijui niliandikeje hili.

Nilikuwa nikirudi nyumbani namwambia mke wangu: leo mgonjwa alitulia vizuri, hakusumbua. Nilikuwa nasema hivyo karibu kila siku, na yeye ananipakulia chakula, ananisikiliza. Wangapi walizibwa mdomo kule nyuma yangu? Wamama wenye uchungu, watoto wenye mifupa iliyovunjika, watu wa rika la mama yangu. Familia nzima zimejifunza jambo hili, zikaambiana kutoka nyumba hadi nyumba, Werugha, Mgange, Wundanyi: weka mayai, na usilie. Kila mtu milima ile alijua namna ya kupanda gari langu. Mimi peke yangu ndiye sikujua, na nilikuwa ndani yake kila siku.

Na mke wangu. Alimziba mtoto wetu mdomo kwa ajili yangu, halafu akakaa na hilo miaka hii yote. Bado sijamwuliza. Yuko jikoni sasa hivi, namsikia anachambua mchele. Nitamwuliza leo, au labda nitamwomba msamaha bila kuuliza. Sijui kipi ni kigumu zaidi.

Pale kwenye simu sarafu zilikuwa zinaisha. Ningeweza kumwambia ile karatasi ni ya kweli. Ningemweleza habari ya Mzee Athumani na pete na usingizi wa Mwatate, na pengine angekubali, kwa heshima, kama wanavyokubali wote. Angekubali, angepanda, angeuma meno mpaka Voi na presha yake hiyo, na mimi ningefika nikasema ametulia vizuri.

Nikamwambia, "Mwambie mwenye pickup asije. Ambulensi itakuja, lakini Kilonzo ndiye ataendesha."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa kule nyuma na wewe. Nitakushika. Na ukitaka kulia, mama, lia."

Nikasikia kiti kinasogezwa, nikasikia mtu wa dukani anauliza kuna nini. Halafu akaanza, pale pale kwenye simu, kwa sauti, bila kujali watu, kilio cha mtoto wa darasa la saba. Sikumwambia anyamaze. Nilitumbukiza sarafu zote nilizokuwa nazo, hata zile za sadaka ambazo nilikuwa sijatoa, nikasimama juani nikamsikiliza mpaka simu ikakatika.